Chungu Kilichoacha Kutoa Jasho

Kila mwaka, masika yanapokaribia, nafundisha darasa la sita somo la kukauka kwa maji. Silipendi somo hili. Nachukua vipande vinne vya kitenge kimoja, navilowesha kwenye ndoo moja. Kimoja nakianika juani, cha pili kivulini penye upepo, cha tatu nakikunja mara nne, cha nne nakitia kwenye kopo la plastiki na kufunga mfuniko. Halafu watoto wanakwenda kuvigusa kila kipindi kikiisha. Jibu wanalijua kabla hawajagusa, maana ni watoto wa Bigwa, hapa Morogoro, na nyumbani wanafua. Joto, upepo, upana wa kitu kilicholowa, na hewa yenyewe kama ni kavu au imeshiba maji. Wanayataja yote kwa sauti moja, nami nawaambia vizuri, kaeni. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe nililifeli.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa sindano asubuhi na jioni. Alishuka kutoka milimani kuja kukaa kwangu macho yake yalipoanza kufifia, na mimi ndiye niliyekuwa namchoma. Tulikuwa wawili tu. Mume niliachana naye zamani, na binti yangu wa pekee anafanya kazi Dar, huja mwisho wa mwezi akipata nafasi. Kwa hiyo mama alikuwa mwenzangu wa kula, wa kuswali na wa kugombana. Kugombana hasa. Mimi hasira zangu ziko karibu, mdomo wangu hauna breki, na kusimama mbele ya darasa miaka yote hiyo kumenizoesha vibaya: nikishasema, naona jambo limekwisha. Mama alikuwa ananicheka tu. "Haya mwalimu, tumekusikia," alikuwa akisema, "sasa tupe chai."

Dawa ile ya sindano haitaki joto. Friji letu la zamani lilipokufa, fundi alilifungua, akachokonoachokonoa, akasema hapa hakuna kitu, tulizike. Nilikwenda kliniki nimechanganyikiwa. Nesi wa pale, mama mmoja mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, aliniambia wapo wagonjwa wengi hawana friji na wanaishi. "Tafuta chungu kikubwa cha udongo," alisema. "Tia mchanga, halafu katikati ya mchanga weka chungu kidogo. Mchanga umwagie maji asubuhi na jioni. Dawa ikae kwenye kile kidogo, funika na kitambaa kibichi. Kiweke kivulini, penye upepo." Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jipya, kumbe ni somo langu lile lile. Maji yakipenya udongo yakakaukia nje, yanaondoka na joto, na kilichomo ndani kinapoa. Nilikuwa nimeliandika ubaoni sijui mara ngapi.

Vyungu vilitoka kwa mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, wa tumbo moja, mfinyanzi, na mpaka leo anakaa huko juu mlimani ambako mama alizaliwa. Alivifinyanga viwili, akavishusha mwenyewe, kikubwa kichwani kimezungushiwa majani ya mgomba na kanga. Vyungu vyake vya kuuza huwa anavisugua kwa kokoto laini kabla ya kuvichoma, mpaka ving'ae. Kile kikubwa hakukisugua. Alikiacha kina ngozi ya kukwaruza kama kisigino cha mtu wa shamba. Nilimwamkia, nikamtua mzigo, nikakizungukia chungu kukitazama, na nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu alicheka. "Kiache na ubaya wake," aliniambia. "Mimi nimekifinyanga kifanye kazi, sikukifinyanga kitazamwe." Nikamshukuru, nikamwekea chakula, na neno lake nikalisikia kwa sikio moja.

Tulikiweka barazani, kwenye kona chini ya dirisha la chumba cha mama, mahali ambapo jua halifiki na upepo wa kutoka milima ya Uluguru unapita kila jioni. Mama alikipenda mno. Asubuhi akitoka kuswali, kabla ya chai, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje, alikuwa anakwenda kukiwekea kiganja tumboni. Kilikuwa kimelowa, cha baridi, kina jasho. "Kizima," ananiambia, kama mtu aliyetoka kumjulia hali jirani. Kichupa cha dawa ukikitoa humo ulikuwa unakisikia ubaridi wake mkononi, hata mchana ule wa Morogoro unaomfanya mbwa alale na ulimi nje. Tulikaa nacho hivyo zaidi ya mwaka, na sukari ya mama ilitulia, na nesi alimsifia mbele ya wagonjwa wengine kuwa ni mwanafunzi wake mzuri. Mama alirudi nyumbani amevimba kichwa, akaniambia sasa darasani tuko wawili.

Halafu binti yangu akaja kuposwa.

Wakwe walikuwa wanatokea Kilosa, watu wa heshima, na mimi niliambiwa tarehe mwezi mzima kabla. Nikachachawa. Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, tofali baada ya tofali, na sikutaka mtu aje aitazame aseme binti katokea hapa? Nikanunua rangi ya mafuta, ile kahawia nzito ambayo nusu ya nyumba za Bigwa zimepakwa chini ya madirisha ili matope ya mvua yasionekane. Nilipaka mwenyewe, Jumamosi na Jumapili, nimejifunga kanga kiunoni, redio inaimba. Nilipomaliza ukuta wa baraza kukabaki rangi kwenye kopo, na mbele ya ule ukuta unaong'aa kukabaki chungu. Kilikuwa kimeshafanya madoa meupe ya chumvichumvi kote tumboni, na kule chini kimeota ukijani. Kilinitia aibu. Nikakitazama, nikatazama kopo, nikachukua brashi. Nilikipaka vizuri, mikono miwili ya rangi, kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako. Jamani, kilipendeza! Nilirudi nyuma hatua tatu nikakiangalia, nikafurahi moyoni.

Mama alikuwa ndani amejilaza. Alipotoka alasiri alinusa, akaenda mpaka kwenye kona, akagusa. Vidole vikarudi na rangi.

"Na chungu umekipaka?"

"Nimekipaka mama. Usishikeshike, hakijakauka."

Alivitazama vidole vyake kwa karibu, maana macho hayakuwa yakimsaidia, akavifuta kwenye nguo ya zamani. "Haya," alisema.

Wageni walikuja, wakakaa, wakala, mambo yakaenda vizuri. Mkwe mmoja wa kike aliuliza hilo pambo zuri barazani tulilinunua wapi, nikamjibu kwa maringo kwamba ni la kwetu, la ukoo. Siku mbili baadaye vuli ikaanza. Ilikuwa mvua ile ya kunyesha na kuacha, kunyesha na kuacha, mlima wote umejifunika, na nguo za shule zinashinda kambani siku tatu mpaka zinanuka.

Asubuhi moja katika mvua hizo mama alisimama kwenye kona yake, kiganja tumboni mwa chungu. Alikaa hivyo muda.

"Mwanangu," aliniita, "chungu hakitoi jasho."

Mimi nilikuwa nachelewa shule, mkono mmoja una kikombe na mwingine unatafuta kiatu. Nikamjibu kama ninavyowajibu darasa la sita. Nikamwambia, mama, hewa imeshiba maji. Mvua hii yote, maji ya chungu yatakwenda wapi? Ni kama nguo zile kambani, hazikauki kwa sababu hewa haina nafasi ya kuyapokea. Jua likitoka kitarudi kama zamani. Ni sayansi hiyo mama. Na kila nililosema lilikuwa kweli, hilo ndilo linaloniuma. Ningetoa maelezo hayo kwenye mtihani ningepata vema. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Haya mwalimu," alisema, akauondoa mkono wake.

Vuli ikakatika. Jua la Januari likaja, lile linalopiga bati mpaka linalia. Nguo zikawa zinakauka kabla sijamaliza kuanika. Na chungu kikabaki kikavu kwa nje, na mimi sikwenda kukigusa; hata kichupa nilikuwa nakitoa mbiombio bila kuusikiliza ubaridi wake. Nilichokiona ni kitu kingine, nikakifurahia: mchanga ulikuwa haukauki upesi. Zamani nilikuwa nikimwagia maji asubuhi, jioni unayataka tena. Sasa niliweza kupitisha siku mbili. Nikamwambia mama, unaona, rangi imetusaidia, hatubebi ndoo kila saa. Mwalimu wa sayansi mzima! Maji hayaondoki, na mimi nafurahi kwamba hayaondoki, wakati kazi yao yote ilikuwa ni kuondoka. Mama wakati huo alikuwa haendi tena kwenye kona kila asubuhi. Sikumuuliza kwa nini.

Mwezi ule mama akaanza kiu. Anamaliza jagi, anaomba jingine. Anaamka kwenda chooni, anarudi, hajalala vizuri anaamka tena. Mwili ukaanza kumkatika, gauni linamning'inia mabegani. Akajikwaa kwenye kizingiti, kidole cha mguu kikafanya jeraha dogo tu, na jeraha likagoma kupona. Nikampeleka kliniki. Kile kimashine cha kupimia sukari kilipotoa jibu nesi alikitazama, akampima tena, halafu akaniangalia mimi.

"Sindano anachoma?"

"Namchoma mwenyewe, asubuhi na jioni, sijawahi kuruka."

"Dawa mnaihifadhi vizuri?"

"Iko kwenye chungu, kama mlivyotufundisha," nikasema, tena kwa kujidai.

Nesi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika. "Basi tuangalie chakula," alisema. "Bibi, unakula nini?" Mama akamtajia: ugali kiasi, mchicha, maharage, kipande cha gimbi. Nesi akamwambia kwa upole kwamba sukari haipandi hivihivi. Hakumaanisha ubaya. Lakini mimi niliposikia hivyo nilishapata mkosaji.

Kila asubuhi mama alikuwa anatembea taratibu mpaka karibu na msikiti na kurudi, nesi ndiye aliyemshauri. Na karibu na msikiti anakaa mama mmoja anayekaanga vitumbua, moto moto, harufu inakufuata mpaka kwako. Nikajumlisha. Tulipofika nyumbani sikungoja hata avue viatu. Nilimwambia, mama, unakula vitumbua. Akasema sijala. Nikasema usinidanganye, mimi si mtoto, kile kimashine hakisemi uongo. Akasema, "Mwanangu, wallahi sijala." Na mimi nikamwambia asimtaje Mungu kwa ajili ya kitumbua. Nilimwambia mama yangu maneno hayo, dirisha liko wazi, jirani anapepeta mchele uani kwake. Mwanamke aliyenibeba mgongoni akinishusha hospitali kutoka mlimani nikiwa na degedege. Nikiandika hapa mkono unakuwa mzito.

Sikuishia hapo. Sukari nikaifungia kabatini kwa kufuli. Kesho yake nikapita kwa yule muuza vitumbua nikamfokea mbele ya wateja wake, kwamba anamuua mama yangu. Alibaki ameshika upawa wake. "Mwalimu, bibi huwa ananisalimia tu anapita," alisema. Sikumwamini. Nikaona wote lao moja.

Mama hakuenda tena kutembea. Alikaa kitandani au kwenye mkeka wake, mguu umenyooshwa, na kidole kikaanza kubadilika rangi. Tuliporudi kliniki wiki iliyofuata kimashine kilisoma juu zaidi ya mara ya kwanza. Walimpandishia kipimo cha dawa, wakanipa chupa mpya, nami nikazibeba zikiwa kwenye barafu, nikazifikisha salama, nikazitia chunguni. Halafu nikasusa.

Ndiyo, nilisusa. Mtu mzima, mwalimu, binti yangu kaposwa, nikasusa chakula kama mtoto aliyenyimwa nguo ya Idi. Nilimpikia mama, nikamwekea mbele, mimi nikaenda kukaa jikoni. Akaniita njoo tule. Nikamwambia, kula wewe mwenyewe, maana wewe unajua kula. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Shuleni nilikunywa chai kavu, nyumbani nikanywa maji. Nilikuwa nataka anione. Nilikuwa nataka ajue kwamba akijiua yeye na mimi ananiua.

Siku ya tatu jioni nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, ugali umeshaiva, nimeufunika. Nikasikia mkono unapapasa ukutani. Mama alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa jikoni, kwa mguu ule mbovu, ameshikilia fremu ya mlango.

"Mwanangu," alisema, "nilikula."

Nikageuka kumtazama.

"Vile vitumbua. Nilikula. Viwili, siku nyingine vitatu. Shetani alinipitia. Unisamehe."

Nilihisi mzigo umenitoka kifuani, siwezi kusema uongo. Sikumhurumia kwanza, kwanza nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi. Ndipo machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Nimekusamehe mama. Lakini usirudie." Akasema hatarudia. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikafunua ugali, nikapakua, na tukala pamoja. Yeye alimega kidogo tu, muda mwingi alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yale sijui aliona nini.

Hazikupita siku kumi. Alfajiri niliingia kumwamsha, nikamkuta anapumua haraka haraka, ametapika, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Wakampokea, wakamtundikia maji, wakamchoma dawa, na jioni ile akafumbua macho akanijua. Nilimwuliza daktari wanampa dawa gani mpya. Akasema si mpya, ni ile ile. Siku chache baadaye sukari ilikuwa imeshuka kwa kipimo kile kile nilichokuwa namchoma nyumbani bila mafanikio, wala si zaidi. Nikasema moyoni, si unaona, hapa hakuna vitumbua.

Nilirudi nyumbani mchana kumchukulia kanga safi. Nikamkuta mama mdogo barazani. Habari za dada yake zilikuwa zimemfikia mlimani, ameshuka, hakukuta mtu, amekaa kuningoja. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, mkono uko juu ya tumbo la chungu. Nikamwamkia. 

"Nani amekivika koti?" aliniuliza.

Nikamwambia ni mimi, wageni walikuwa wanakuja.

Jua lilikuwa kali, upepo unapita, nguo za jirani kambani zinapiga makofi. Alichukua kiganja changu akakibandika kwenye chungu. Kilikuwa kikavu, na kilikuwa na joto. Nikaweka mkono ndani, kwenye mchanga. Mchanga umelowa chepechepe, vuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto. Mama mdogo alikwaruza kwa kucha, kiganda cha rangi kikabanduka, na pale palipobanduka, udongo ulikuwa mweusi kwa maji. Tukiwa tunatazama, kajasho kakatokeza. Pale tu, padogo, kama upana wa ukucha wake.

"Kilikuwa kinataka kupumua," alisema. Akaongeza kitu kwa Kiluguru, na Kiluguru changu ni cha kuokoteza, lakini kile nilikielewa. Alisema maskini dada yangu.

 Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, na yote yakaja kwa pamoja: maji yasiyokauka, mchanga usiokunywa, mama na kiganja chake asubuhi ile ya mvua. Kopo lenye mfuniko! Ndicho kile kitambaa cha nne, kila mwaka nakiweka mezani watoto wakiguse. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama mgonjwa ndiyo katutoka.

Nilikwenda kwa nesi na zile chupa. Alizigeuza mkononi, akaniambia dawa iliyopata joto huitambui kwa macho, inaonekana kama ile nzuri, ila nguvu imekwisha. Aliniambia pia umri ulikuwepo, na macho, na mguu, nisijibebeshe peke yangu. Ni mtu mwema. Nilimshukuru, nikajibebesha.

Kidole walikikata. Kidonda kikapanda badala ya kushuka, na mama hakurudi tena Bigwa akiwa hai. Alikaa wodini wiki tatu, na wiki nzima baada ya kujua nilikuwa nakwenda na chakula, namwosha, namsuka nywele, na habari ya chungu simwambii. Mimi, ambaye mdomo hauna breki. Kila nikifungua kinywa naona nitamwua kabla ya wakati.

Nilimwambia siku moja baada ya alasiri, wakati wa kuona wagonjwa, kitanda cha pili watu wanacheka na mgonjwa wao. Nilianza na chungu. Nikamweleza rangi, na udongo, na maji, na dawa, na nilimweleza vibaya, bila mpangilio, kama sijawahi kufundisha maisha yangu. Nikasema, mama, ni mimi. Si chakula. Ni mimi nimekuharibia dawa, na nikakutukana juu yake.

Alikuwa amelala chali, mkono juu ya shuka. Akautafuta wangu.

"Hukupaka kwa ubaya," alisema. "Kilikuwa kimependeza, waliniambia."

"Na vitumbua?"

"Vitumbua gani?"

"Mama. Uliniambia ulikula."

Alitabasamu kidogo, lile tabasamu lake la kunicheka. "Mimi? Huo mdomo ningeuweka wapi, nimeapa kwa Mungu halafu nile."

"Sasa kwa nini ulisema?"

 Vidole vyake vikaupapasa mkono wangu.

"Ulikuwa huli," alisema. "Siku mbili, ya tatu inaingia. Nikasikia umekaa jikoni peke yako na ugali umeufunika. Nikasema, nikikubali, huyu atakula."

Kisha akafumba macho, na kabla hajasinzia akaniuliza nimekula nini leo.

Sikumbuki nilimjibu nini. Ninachokumbuka ni jioni ile ya jikoni, yeye anamega vitonge vidogo na kunitazama, na mimi nimeshamsamehe, moyo umetulia, njaa ya siku tatu imenishika. Nilikula sahani mbili, na mboga nikaongeza.